Bima ya gari katika nchi ya theluji: Tupunguze hatari, tusiifiche

KILA sifa njema inamstahikia Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tunakusudia kulizungumzia jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laweza kuonekana halina nafasi katika ukurasa huu, nalo ni bei ya bima ya gari katika nchi zenye theluji. Tumelichagua kwa sababu nyumba nyingi za miji yetu zina mtoto, ndugu au mkwe anayeishi katika nchi hizo. Fedha anayoilipa kwa kampuni ya bima kila mwezi ndiyo hiyo hiyo ambayo ingefika nyumbani ikalipa ada ya mdogo wake au dawa za mama yake. Na penye mzigo mzito wa fedha, shetani naye hana mbali. Huja na njia za mkato zilizopambwa vizuri, na mwisho wake huwa ni majuto.

Tutalichukua jimbo la Ontario nchini Kanada kuwa mfano wetu. Hilo ndilo jimbo lenye watu wengi kuliko yote katika nchi hiyo, na ndani yake imo miji ya Toronto na Ottawa. Kanada iliwapokea kwa maelfu Waasia waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, na baada yao wamefuata Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi, baadhi kwa masomo, baadhi kwa kazi na baadhi kwa kukimbia vita. Theluji ya huko huanza kuanguka mwezi Novemba na aghalabu haiagi kabisa mpaka Aprili. Mtu anayefanya kazi ya zamu usiku, au anayewapeleka watoto madrasa katika kitongoji kisicho na basi la karibu, gari kwake si anasa.

Sheria inasemaje, na sisi tuna msimamo gani?

Sheria ya Ontario inamlazimisha kila mwenye gari linalotembea barabarani kuwa na bima. Kiwango cha chini cha bima ya kuwafidia watu wengine ni dola 200,000 za Kanada. Anayekamatwa bila bima kwa mara ya kwanza hutozwa faini ya kuanzia dola 5,000 hadi dola 25,000, na akirudia, faini hupanda kuanzia dola 10,000 hadi dola 50,000. Leseni yake inaweza kusimamishwa na gari lake likazuiliwa. Kwa hiyo, kukaa bila bima si njia ya kupunguza gharama hata kidogo.

Wanazuoni wetu wamelijadili suala la bima kwa muda mrefu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lililokutana Jeddah mwaka 1985 liliamua kwamba bima ya kibiashara haifai kwa sababu ya gharari iliyomo ndani yake, na likaelekeza kwenye bima ya kusaidiana. Wapo wanazuoni waliokuwa na rai nyingine, miongoni mwao Sheikh Mustafa Az-Zarqa wa Syria, ambaye aliona mkataba wa bima kwa asili yake unafaa. Hatukusudii leo kuifunga khitilafu hiyo. Itoshe kusema kwamba pale sheria ya nchi inapomlazimisha mtu, na bima ya kusaidiana haipatikani, wanazuoni wengi wameona hana lawama kununua ile anayolazimishwa. Lakini kanuni yao iko wazi kwamba jambo lililoruhusiwa kwa dharura halivuki mpaka wa dharura hiyo. Basi Muislamu anayetafuta kulipa kidogo kadiri sheria na usalama vinavyoruhusu hafanyi ubahili, bali yumo ndani ya kanuni hiyo.

Anza na matairi

Jambo la kwanza ni matairi ya majira ya baridi. Tairi la kawaida limetengenezwa kwa mpira ambao huanza kukakamaa hali ya hewa inaposhuka chini ya nyuzi joto 7. Likikakamaa halishiki barabara, hata kama theluji haijaanguka bado. Tairi la majira ya baridi hubaki laini katika baridi, na lile lililothibitishwa huwa na alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Katika jimbo jirani la Quebec matairi hayo ni lazima kwa magari yaliyosajiliwa humo, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 15 Machi. Ontario haijayafanya kuwa lazima, lakini tangu Januari 1, 2016 kila kampuni ya bima ya gari jimboni humo inatakiwa kumpa punguzo mteja anayeyatumia. Wengi hawalipati punguzo hilo kwa sababu tu hawakulitaja. Mwenye gari aiulize kampuni yake, ajue yanatakiwa kufungwa kuanzia mwezi gani hadi mwezi gani, ayafunge yote manne, kisha aitunze risiti yake.

Tuseme kweli kuhusu faida yake. Punguzo hilo mara nyingi halizidi asilimia 5. Anayelipa dola 2,400 kwa mwaka atapunguziwa kama dola 120, na matairi manne yanagharimu mara kadhaa ya hizo. Lakini matairi ya kiangazi hupumzika wakati hayo yakifanya kazi, kwa hiyo seti zote mbili hudumu zaidi. Na faida kubwa kuliko zote ni ajali ambayo haikutokea.

Barafu haikubaliwi kuwa udhuru

Hapa ndipo wageni wengi wanapokosea. Mtu anateleza kwenye barafu nyembamba isiyoonekana kwa macho, analigonga gari lililo mbele yake, kisha anaeleza kwamba kosa ni la barabara. Kanuni za Ontario za kuamua nani mkosa zinasema kosa hupimwa bila kuangalia hali ya hewa wala hali ya barabara. Aliyemgonga aliye mbele yake katika njia moja ndiye mwenye kosa, na aliyeteleza peke yake akaingia mtaroni, kosa ni lake pia. Kosa hilo kwa kawaida hukaa katika hesabu za kampuni za bima kwa miaka sita, na katika miaka yote hiyo ada huwa juu. Siku moja ya haraka hulipwa kwa miaka sita.

Kwa hiyo njia kubwa ya kupunguza ada ni namna mtu anavyoendesha. Aache nafasi kubwa baina yake na gari la mbele, kwani juu ya theluji gari husimama mbali zaidi kuliko kwenye lami kavu. Afute theluji yote juu ya paa na vioo kabla ya kuondoka, wala asitosheke na kutoboa kijitundu cha kuchungulia. Ayape nafasi magari yanayosafisha theluji na kumwaga chumvi, asiyapite kwa pupa. Na siku ya dhoruba, aliache gari nyumbani kama anaweza.

Katika hili la mwisho dini yetu ina wasaa ambao wengi wamesahau. Imepokewa katika vitabu sahihi kwamba Ibn Abbas (R.A.), katika siku ya Ijumaa yenye mvua na matope, alimuamuru muadhini wake awatangazie watu wasali majumbani kwao, na walipoona ajabu akawaeleza kwamba aliye bora kuliko yeye, yaani Mtume (S.A.W.), alifanya hivyo. Ikiwa matope ya njiani yalizingatiwa, basi dhoruba ya theluji inayoficha barabara inastahiki zaidi kuzingatiwa. Baba asiwapakie watoto garini katika hali hiyo kwa kuogopa maneno ya watu.

Ipo pia nafuu ambayo wachache wanaijua. Tangu Juni 2016 kampuni za Ontario haziruhusiwi kupandisha ada kwa sababu ya ajali moja ndogo ndani ya miaka mitatu, ikiwa hakuna aliyeumia, hasara haizidi dola 2,000 kwa kila gari, na mwenye kosa amelipa mwenyewe bila kampuni kutoa fedha. Hata hivyo, kuitoa taarifa ya ajali hiyo kwa kampuni bado ni wajibu.

Usome mkataba wako

Sisi tumezoea kusema bima ndogo na bima kubwa. Kule, ile tunayoiita bima kubwa imegawanywa. Ipo sehemu inayolipa gari lako likigonga kitu au kupinduka, na ipo inayolipa likiibiwa, likiungua, likiangukiwa na kitu au likigonga mnyama. Gari jipya lililonunuliwa kwa mkopo litatakiwa na mkopeshaji liwe na sehemu zote mbili. Lakini mtu mwenye gari kuukuu alilolimaliza kulipia, ajiulize gari hilo linauzwa kiasi gani leo, na sehemu hizo anazilipia kiasi gani kwa mwaka. Si hekima kuendelea kulilipia bima kubwa gari ambalo thamani yake ni kama ya ada ya miaka miwili au mitatu.

Njia nyingine ni kupandisha kile kiasi ambacho mwenye gari hujibebea mwenyewe kabla ya kampuni kulipa. Akikitoa kwenye dola 500 akakipeleka 1,000, ada hupungua. Sharti letu ni kwamba dola hizo 1,000 awe nazo kweli, amezitenga mahali, wala asitegemee kuzikopa siku ya ajali.

Mahali pasipofaa kubana ni kwenye bima ya kuwafidia wengine. Kiwango cha chini cha dola 200,000 ni kidogo kwa mtu aliyevunjika uti wa mgongo, na ndiyo maana wengi huko hununua kiwango cha dola milioni moja au mbili. Nyongeza yake ya bei aghalabu si kubwa. Gari letu ni mali yetu, tukitaka tutalisamehe. Haki ya yule tuliyemuumiza si yetu, hatuwezi kuisamehe kwa niaba yake, na ni deni litakalotufuata.

Mwenye gari la pili ambalo halitoki msimu wote wa theluji aiulize kampuni yake kama bima ya kutembea barabarani inaweza kusimamishwa kwa miezi hiyo, ikabaki ile ya wizi na moto pekee. Akikubaliwa, ahakikishe gari hilo halitoki hata kwenda dukani mpaka bima irejeshwe.

Na katika namna ya kulipa kuna jambo la kutuhusu sana. Anayelipa ada ya mwaka kwa mkupuo mmoja halipi nyongeza, lakini anayeigawa kwa miezi mara nyingi huongezewa riba, ambayo sheria ya jimbo imeiwekea kikomo tu. Mwenye uwezo aweke akiba kidogo kidogo mwaka mzima ili mkataba unaofuata aulipe kwa mara moja. Atakuwa ameokoa fedha na pia ameikimbia riba. Asiyeweza, walau ahakikishe hakosi tarehe ya malipo, kwa sababu mkataba uliovunjwa kwa kutolipwa huzifanya kampuni nyingine zimkatae au zimtoze zaidi.

Tusisahau pia kuulizia bei. Ontario ina kampuni nyingi za bima za binafsi, na ingawa bei zao huidhinishwa na mamlaka ya jimbo, gari moja na dereva mmoja hupewa bei tofauti sana na kampuni mbili. Kabla ya kuuhuisha mkataba, mtu aulizie kwa kampuni tatu au nne, au amtumie dalali wa bima anayefanya kazi na kampuni nyingi. Aulizie pia punguzo la kuiweka bima ya nyumba na ya gari mahali pamoja.

Wageni na vijana

Anayefika leo kutoka Dar es Salaam au Mombasa, hata akiwa ameendesha miaka ishirini, aghalabu huhesabiwa kama dereva mpya, na dereva mpya hulipa maelfu ya dola. Hapa wazazi na ndugu walioko nyumbani wanaweza kusaidia. Kabla msafiri hajaondoka, apate barua rasmi ya mamlaka iliyotoa leseni yake inayoeleza ameipata lini, na barua ya kampuni yake ya bima inayoeleza amekuwa na bima miaka mingapi na kama aliwahi kudai fidia. Barua ya kwanza husaidia kufupisha ngazi za leseni ya Ontario. Ya pili si kila kampuni inaikubali, lakini zipo zinazoizingatia, na kuipata ukiwa hapa ni rahisi kuliko kuiagiza ukiwa huko. Leseni ya nyumbani humruhusu mkaazi mpya kuendesha siku 60 tu, kwa hiyo asichelewe kuianza safari ya leseni ya jimbo.

Kijana wa nyumbani naye apelekwe shule ya udereva iliyoidhinishwa. Cheti chake hufupisha muda wa ngazi ya kwanza ya leseni kutoka miezi 12 hadi 8, na kampuni nyingi hukitolea punguzo.

Kabla ya kununua gari, ulizia bima yake kwanza. Honda CR-V na Toyota Highlander yalitajwa miongoni mwa magari yaliyoibiwa sana Ontario katika miaka ya 2022 na 2023, na gari linalopendwa na wezi huwa ghali kulikatia bima. Mtu huokoa fedha katika bei ya gari, kisha akazilipa zote katika bima.

Nafaka iliyolowa

Sasa tufike kwenye lile lililotufanya tushike kalamu. Bei ya bima Ontario hutegemea pia mtaa anaokaa mtu. Mji wa Brampton, wenye wahamiaji wengi, umejulikana kwa ada kubwa. Basi hutokea mtu akaandika anwani ya rafiki yake aishiye mji mdogo. Mwingine humficha kijana wake anayeliendesha gari kila siku. Mwingine hupeleka chakula majumbani au kubeba abiria kwa malipo, na katika fomu akaandika kwamba gari ni la kwendea kazini tu. Wote hujisemea kwamba kampuni ni tajiri na haitaumia.

Siku ya ajali kampuni hutuma mchunguzi. Ikibainika kwamba aliyeijaza fomu aliidanganya, sheria ya bima ya jimbo inamnyima haki ya kulipwa gari lake. Aliyeumizwa hulipwa na kampuni hadi kile kiwango cha chini cha sheria, kisha kampuni humgeukia mwenye gari na kumdai fedha hizo. Aliyekuwa anaokoa dola mia chache kwa mwaka hujikuta na deni ambalo mshahara wake wa maisha hautalimaliza. Njia ya mwongo ni fupi, na juu ya barafu huwa fupi zaidi.

Zaidi ya hayo, Sura Al-Maida inafunguliwa kwa amri ya kutekeleza mikataba, na amri hiyo haikumtoa aliyefunga mkataba na kampuni tajiri. Imepokewa pia na Imam Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akaingiza mkono wake katika rundo la chakula na vidole vyake vikakuta unyevu chini yake. Muuzaji akasema ni mvua iliyolilowesha. Mtume (S.A.W.) hakumlaumu kwa mvua, kwani mvua haikuwa kosa lake. Alimlaumu kwa kutouweka unyevu huo juu watu wakauona, na akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo katika njia yake. Anwani ya uongo na kijana aliyefichwa ni nafaka iliyolowa chini ya nafaka kavu.

Tujihadhari vilevile na vishoka. Huwafuata wageni, mara nyingine hata kwa lugha yao, wakawauzia hati za bima za bei nafuu ambazo ni bandia au zimejazwa uongo. Dalali wa kweli wa Ontario amesajiliwa, na jina lake linaweza kutafutwa katika orodha ya wazi ya chombo kinachowasimamia madalali. Anayetaka alipwe taslimu na haonekani katika orodha hiyo, tuachane naye hata kama ni jirani yetu.

Ndugu msomaji, ukizipima njia zote tulizozitaja utaona kwamba zile za halali zinaipunguza hatari yenyewe au zinamuepusha mtu kulipia asichokihitaji, na zile za haramu zinaiacha hatari pale pale na kuifunika tu. Basi wiki hii mzazi anapozungumza na mwanawe aliye Toronto au Ottawa, baada ya kumuuliza hali na swala zake, amuulize pia amefunga matairi gani, na katika fomu ya bima ameandika anakaa wapi. Akisikia kwamba aliyoyaandika si kweli, amsihi aipigie kampuni simu kuirekebisha, hata kama ada itapanda. Na ikiwa kwa miezi michache fedha inayofika nyumbani itapungua kwa sababu ya ukweli huo, basi sisi wa nyumbani tuwe wa kwanza kuridhika.

Tunamuomba Allah (S.W.) awahifadhi wasafiri wetu wote wa nchi kavu, baharini na angani, awape riziki ya halali na awarejeshe kwetu salama. Amin.

Wabillahi tawfiq.